Chanjo ilianzia kwenye ngozi, na sasa inarudi huko

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Mbalibali, upande ule wa Mara wa Tarime na Serengeti, na nilimkuta bibi nje anaanika muhogo. Nikamwomba anionyeshe mikono yake. Alicheka kwanza, akaniuliza kama huko chuoni siku hizi mnafundishwa kukagua mikono ya wazee. Nilikuwa natafuta kovu la chanjo ya ndui, kwa sababu nilikuwa naandaa makala hii na nilitaka kuliona kwa macho yangu. Wengi waliozaliwa kabla ya miaka ya 1970 wanalo: duara lililobonyea kidogo, ukubwa wa kifungo cha shati.

Kovu nililikuta. Karibu nalo kulikuwa na vimistari vitatu vyeusi, chale za zamani za mganga. Nikauliza, "Bibi, chanjo ni ipi hapa?"

"Zote," akasema. "Hii alinichanja mganga, hii walinichanja watu wa serikali. Wewe mjukuu wangu ulitaka iweje?"

Nimesoma biolojia miaka mingi na sikuwahi kufikiria jambo hilo. Neno letu chanjo linatokana na kuchanja, yaani kupasua au kukata. Tunachanja kuni, tunachanja chale. Wazungu walitoa jina lao kwa ng'ombe: vaccine linatoka kwenye vacca, ng'ombe kwa Kilatini, kwa sababu ya ugonjwa wa ndui ya ng'ombe. Sisi tulitoa jina kwa kile kinachofanyika mwilini mwa mtu: ngozi inakwaruzwa na dawa inaingizwa hapo. Leo mtoto anachomwa sindano kwenye msuli wa paja na bado tunasema amechanjwa, ingawa hakuna aliyemchanja kwa maana ile ya zamani. Lugha imebaki kwenye ngozi wakati madaktari walishahamia kwenye msuli.

Sasa kuna watafiti wanaotaka kurudi kwenye ngozi. Wametengeneza kiraka kidogo kama plasta, chenye vijisindano vifupi mno ambavyo ndani yake kuna chanjo. Jaribio lililowapa umaarufu lilikuwa la chanjo ya mafua ya influenza. Ila nisingependa kuanza na kiraka, maana ukikianza hapo kinaonekana kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, na sivyo.

Tuanze na ndui. Kabla ya chanjo yoyote ya hospitali, watu wa sehemu nyingi za Afrika, India, China na Uturuki walikuwa wanachukua usaha wa mgonjwa wa ndui aliyeugua kidogo na kuuingiza kwa mtu mzima wa afya, mara nyingi kupitia mkwaruzo kwenye ngozi. Ilikuwa hatari, wengine walikufa, ila waliopona walikuwa na kinga. Mwaka 1721 huko Boston, Marekani, mji ulipokumbwa na ndui, mchungaji mmoja aitwaye Cotton Mather aliwaambia madaktari habari aliyoipata kwa Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake, Onesimus. Onesimus alikuwa amemweleza kwamba kwao alichanjwa namna hiyo na hakuogopa ndui tena. Miaka 75 baadaye, tarehe 14 Mei 1796, Edward Jenner wa Uingereza alimkwaruza mkono mtoto wa miaka minane, James Phipps, akampaka majimaji ya ndui ya ng'ombe badala ya ndui ya watu. Kilichobadilika ni kile kilichoingizwa. Njia ilikuwa ileile ya mkwaruzo.

Kwa nini ngozi ilifanya kazi? Hakuna aliyejua. Mwaka 1868 kijana mmoja huko Berlin, Paul Langerhans, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 21, alipaka rangi ya dhahabu kwenye kipande cha ngozi na kuona seli zenye matawi kama mizizi. Akadhani ni seli za neva. (Wanaoandika tasnifu zao sasa hivi wapate faraja: alikosea maelezo, ila jina lake bado limo kwenye vitabu.) Ilichukua zaidi ya miaka mia kugundua kwamba zile ni seli za kinga. Kazi yake ni kama ya mgambo wa kijiji: zimekaa mpakani, zinakamata kitu kigeni kinachopenya, zinakibeba hadi kwenye tezi za limfu na kukionyesha kwa seli nyingine za kinga ili zijiandae. Msuli una askari wachache sana wa aina hiyo. Ndiyo maana, kwa baadhi ya chanjo, dozi ndogo kwenye ngozi inaweza kuamsha kinga sawa na dozi kubwa kwenye msuli. Shikilia jambo hilo la dozi ndogo, tutalihitaji.

Ndui ilifutwa duniani kwa kifaa ambacho ukikiona utakidharau. Katikati ya miaka ya 1960, Benjamin Rubin wa kampuni ya Wyeth alichukua wazo la sindano ya cherehani, akasaga tundu lake hadi ikawa na ncha mbili kama uma mdogo. Ukiichovya kwenye chanjo, tone moja dogo linabaki katikati ya ncha. Unamgusagusa mtu begani haraka haraka mara 15, kinatoka kidoti cha damu, umemaliza. Kichupa kilichokuwa kinachanja watu 25 sasa kiliweza kuchanja karibu 100. Tena mtu yeyote alifundishwa kuitumia kwa muda mfupi, wala hakuhitaji kuwa nesi. Chanjo yenyewe ilikuwa ya unga uliokaushwa, teknolojia iliyoboreshwa na Leslie Collier wa Uingereza miaka ya 1950, kwa hiyo ilivumilia joto la safari.

Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu wa Afrika Mashariki: Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977, akiwa na miaka 23. Alipanda gari lililobeba watoto wawili wagonjwa ili amwonyeshe dereva njia, safari fupi tu, ikatosha. Alifanya kazi hospitalini na bado hakuwa na kinga. Baadaye alieleza kwamba alikwepa kuchanjwa kwa sababu aliona inauma. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wapeleke watoto kupata chanjo ya polio. Alifariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyohiyo. Huwa namkumbuka kila nikisikia mtu anasema hofu ya sindano ni mambo ya watoto.

Baada ya hapo chanjo zikahama ngozi. Mpango wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani ulioanzishwa mwaka 1974 ulisambaza chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambayo ina chumvi ya aluminiamu ya kuamsha kinga. Aluminiamu hiyo ukiiweka kwenye ngozi inaleta uvimbe na vidonda, kwa hiyo lazima iende ndani, kwenye msuli. Sindano na bomba vikawa ndiyo chanjo yenyewe machoni pa watu. Vikaja na shida zake, hasa kurudia sindano moja kwa watu wengi na hatari ya homa ya ini na Ukimwi, mpaka yakaletwa mabomba yanayojifunga yenyewe baada ya matumizi.

Moja tu ilibaki kwenye ngozi, BCG ya kifua kikuu. Cha kuchekesha ni kwamba BCG ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa mtoto huko Paris mwaka 1921, ilikuwa ya kunywa. Baadaye ndipo ikahamia kwenye ngozi. Ukiwa Mtanzania, jiguse begani. Kama kuna kakovu, ni hako. Na ukiwauliza manesi watakwambia BCG ndiyo sindano ngumu kuliko zote kuchoma: unaiingiza sindano karibu imelala, ncha isizame, na kama umepatia ngozi inainuka kauvimbe kenye vinyweleo vilivyobonyea, kama ganda la chungwa. Ukizama kidogo umekosa, na mtoto wa siku mbili hakai kimya akusubiri.

Nije kwenye sababu iliyonifanya niandike haya. Nilipokuwa kidato cha pili, mdogo wangu aling'atwa na mbwa mguuni akitoka kuchota maji. Mbwa alikuwa mgeni, hakuna aliyemjua mwenyewe, na alikuwa anatokwa mate. Mama alimwosha kidonda kwa sabuni, jambo ambalo leo najua huenda ndilo muhimu kuliko yote tuliyofanya siku ile. Baba akauza mbuzi. Kituo cha kwanza tulichofika kilisema chanjo imeisha. Cha pili walikuwa nayo, ila hela ya mbuzi ilitosha sindano ya kwanza na nauli, na ratiba ilikuwa na sindano kadhaa za siku tofauti. Tulimaliza ratiba kwa madeni. Mdogo wangu yu hai, sasa ni fundi magari. Wazee walituambia tushukuru, maana zamani zilikuwa sindano za tumboni, nyingi, kila siku.

Nilipofika chuo kikuu ndipo nikagundua kwamba wilaya yetu ni maarufu duniani kwa ugonjwa huo. Kichaa cha mbwa kimechunguzwa Serengeti kuliko karibu sehemu yoyote ya Afrika. Sarah Cleaveland na wenzake walichanja mbwa wilayani Serengeti kati ya 1996 na 2001, na ugonjwa kwa mbwa ukashuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili. Kundi hilohilo lilikadiria mwaka 2002 kwamba Tanzania inapoteza watu wapatao 1,500 kwa mwaka kwa kichaa cha mbwa, mara nyingi zaidi ya wale walioandikwa kwenye takwimu rasmi. Na Katie Hampson, aliyefuatilia waliong'atwa nyumba kwa nyumba Serengeti na Ngorongoro, alionyesha mwaka 2008 kwamba mgonjwa wa kawaida angehitaji zaidi ya dola 100 kumaliza matibabu, ukijumlisha nauli. Niliposoma mstari ule nilimwona yule mbuzi.

Hapa ndipo ngozi inarudi. Chanjo za kisasa za kichaa cha mbwa ni nzuri na ni ghali. Ukimchoma mtu kwenye msuli, unatumia kichupa kizima kila mara. Watafiti wa Thailand, walioelemewa na wagonjwa na bajeti ndogo, walionyesha miaka ya 1980 kwamba ukiiweka kwenye ngozi, inatosha sehemu moja ya kumi ya mililita kwa kila tundu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ratiba fupi ya wiki moja: matundu mawili kwenye ngozi siku ya kwanza, siku ya 3 na ya 7 baada yake. Kichupa kimoja kinagawanywa kwa watu kadhaa. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wamekuwa wakilisukuma hili kwa Tanzania kwa hoja iliyo wazi: chanjo ileile, watu wengi zaidi.

Sasa angalia tatizo. Kichupa kikishafunguliwa hakilali. Kinatakiwa kitumike ndani ya saa chache, kinachobaki kinamwagwa. Bangkok wagonjwa wanapanga foleni, kwa hiyo hakuna kinachopotea. Ila kwenye kituo cha kijijini, leo amekuja mtoto mmoja aliyeng'atwa. Wa pili atakuja labda wiki ijayo. Kichupa hakina wa kugawana naye. Yaani mbinu ya kuokoa chanjo inafanya kazi vizuri zaidi kule ambako watu ni wengi, na inafanya kazi vibaya kwa watu kama sisi.

Hesabu hiyo ya kichupa wazazi wanaijua hata bila kichaa cha mbwa. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela huwa na dozi kumi. Mama anatembea na mtoto mgongoni kilomita kadhaa, anafika, wako watatu tu, anaambiwa rudi siku ya kliniki watoto wakiwa wengi. Nesi hana roho mbaya. Akifungua atamwaga dozi saba na ataulizwa. Lakini mama naye ana shamba.

Kiraka kinalivunja tatizo hili kwa namna rahisi: hakuna kichupa. Kila kiraka ni dozi moja, imekauka, haihitaji maji ya kuchanganyia. Wazo lenyewe ni la zamani, hataza ya kwanza ilitolewa Marekani mwaka 1976, ila wakati ule hakuna aliyeweza kutengeneza sindano ndogo kiasi hicho. Ilibidi kusubiri viwanda vya chipu za kompyuta vijifunze kuchonga vitu vidogo. Mwaka 1998 Mark Prausnitz na wenzake wa Georgia Tech walitumia ufundi huohuo kuchonga vijisindano vya silikoni na kuonyesha kwamba vinatoboa ngozi ya kutosha kupitisha dawa. Baadaye wakaachana na silikoni, wakatengeneza vijisindano kwa vitu vinavyoyeyuka kama sukari, na chanjo ndani yake.

Mwaka 2015 huko Atlanta wakawajaribu watu wazima 100 kwa chanjo ya mafua. Kiraka kilikuwa na vijisindano 100, kila kimoja kama theluthi mbili ya milimita. Kinabandikwa karibu na kiganja, kinakaa dakika 20, vijisindano vinayeyuka, unabandua, unatupa. Hakuna ncha iliyobaki ya kumchoma mtu. Watu wa kundi moja walijibandika wenyewe, na kingamwili zao zilipanda sawa na za waliobandikwa na mhudumu; kwa ujumla zililingana na za waliochomwa sindano. Maabara ilionyesha viraka hivyo vinavumilia nyuzi joto 40 kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2017.

Rafiki yangu mmoja wa darasani aliuliza, kwa nini mafua? Kwetu chanjo ya mafua haimo hata kwenye ratiba ya watoto. Jibu langu ni kwamba mafua yalikuwa rahisi: chanjo yake inajulikana ni salama, kipimo cha kinga yake kipo miaka mingi, na Marekani inachanja mamilioni ya watu kila mwaka, kwa hiyo soko lipo. Silaumu. Ila ni vizuri kusema wazi kwamba kifaa kilipimwa kwanza pale palipo na friji na nesi kila kona.

Kwa bahati hakikuishia hapo. Gambia, kwenye kituo cha utafiti cha MRC, walijaribu kiraka cha surua na rubela kwa watu wazima 45, kisha watoto 120 wa mwaka mmoja na zaidi, kisha wachanga 120 wa miezi 9 hadi 10. Kila mtoto alipata kiraka na sindano, kimoja kikiwa na chanjo na kingine kitupu, ili mtu yeyote asijue nani kapata nini. Dakika tano tu mkononi. Zaidi ya asilimia 90 ya wachanga waliopata chanjo kwa kiraka walijenga kinga ya surua, na kwa rubela karibu wote. Lancet tena, mwaka 2024. Hilo kwangu ni kubwa kuliko la Atlanta.

Msiende zahanati kesho kukidai, bado. Jaribio la Gambia lilikuwa dogo, kunahitajika makubwa zaidi, na kuna suala la nani atajenga kiwanda cha kutengeneza mamilioni ya viraka kwa bei ambayo nchi zetu zinaiweza. Kichaa cha mbwa nacho kinasubiri foleni nyuma ya surua. Kwa hiyo ukiumwa na mbwa leo, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyohiyo, usisubiri kuona mbwa atafanyaje.

Nilimweleza bibi habari ya kiraka. Alisikiliza vizuri, akapenda hasa kwamba hakiumi. Kisha akauliza kama kinaacha kovu. Nikasema hapana, kawekundu kidogo kanakopotea.

"Sasa nitajuaje mtoto kachanjwa?"

Swali hilo lina historia yake pia. Enzi za ndui, wakaguzi walikuwa wanapita vijijini kuhesabu makovu mabegani. Kovu ndilo lililokuwa cheti. Mwaka 2019 watafiti wa MIT walitengeneza viraka vinavyoacha alama isiyoonekana kwa macho, inayosomwa na simu iliyorekebishwa. Walijaribu kwa panya na kwenye ngozi ya maiti tu. Miezi michache baadaye ikaja Korona, na mnajua wenyewe mitandao ilivyozigeuza habari zile.

Nikamjibu bibi kwamba itaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Akaniangalia. Kadi yangu ililiwa na mchwa nikiwa darasa la kwanza, pamoja na nusu ya mlango wa kabati. Kovu la BCG ninalo.